Mpasuaji wa Nkwenda na Ndugu Yake

Kabla ya kumkata mtu, mpasuaji wetu alimtafutia ugomvi kwanza. Hilo ndilo linalonijia nikimkumbuka, kabla hata ya sura yake. Mgonjwa ameletwa kwa machela kutoka Kibingo, mguu umevimba, ndugu zake wanalia, naye mpasuaji anatoka ndani akijifuta mikono, anamtazama yule maskini toka juu hadi chini, kisha anasema, "Kumbe ni wewe? Nasikia dada yako aliolewa kwa mbuzi mmoja, tena kiwete."

Ndugu wa mgonjwa wanaduwaa. Mgonjwa, ambaye punde tu alikuwa akiaga dunia, anainua kichwa.

"Nani kasema? Ng'ombe wawili! Uliza Kibingo nzima!"

"Ng'ombe wawili? Labda uliwaota."

Na wakati mgonjwa anaapa kwa babu zake wote kwamba ng'ombe walikuwa wawili, tena mmoja ana mimba, kisu kimekwisha kuingia na usaha unatoka. "Mwenye hasira hazimii," alikuwa akituambia. "Damu ya mwoga hukimbia, ya mwenye hasira husimama ipigane." Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba waliozimia mikononi mwake walikuwa wachache sana.

Siku mgonjwa akipata nguvu za kuketi, mpasuaji alimwendea na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi ya huku kwetu, akamwomba radhi kwa kila tusi, moja baada ya jingine. "Lile la dada yako nilisema uongo. Lile la pua yako ni kweli, lakini nisamehe." Nkwenda nzima ilikuwa ikiijua hila hiyo, na bado kila mtu zamu yake ikifika alikasirika. Mimi mwenyewe alinikata jipu la kwapani. Aliniambia watu wa Pwani wanajaza viungo chunguni ili kuficha kwamba hawajui kupika, nami nikamjibu kwa maneno ambayo mke wa mtu hapaswi hata kuyajua. Mume wangu alitoka nje kwa aibu. Mpasuaji alisema, "Sema tena hilo la mwisho, shemeji, sikulisikia vizuri," na nilipokuwa nalirudia, kazi ilikuwa imekwisha.

Habari za alikozaliwa na ukoo wake wataeleza wenyewe. Huku ukoo wa mtu hauelezwi na mgeni, nami hata nikikaa hapa mpaka mvi zangu zing'oke, ni mgeni wa dukani. Mimi na mume wangu tulikuja kutoka Tabora, wazee wake wakiwa watu wa Pwani, tukafungua duka la vitambaa vya merikani, shanga, chumvi na sindano. Sotoka ilikuwa imekwisha kufagia ng'ombe, na ndui ilikuwa imekwisha kufagia watu. Mpasuaji alikuwa jirani yetu wa kwanza. Alikuja siku ya pili akaomba kuonja chumvi, akaonja, akaomba kuonja tena. Kwa chumvi hakuwa na haya. Alitembea na kipande kwenye pindo la vazi lake la gome la mti, akakilamba njiani kama mbuzi.

Visu vyake alifuliwa na mhunzi mmoja tu, na mhunzi huyo hakuruhusiwa kufua jembe siku aliyokuwa akifua kisu cha mpasuaji, ati mkono usije ukachanganya. Vilikuwa vidogo, vyenye mipini mirefu, vimefungwa ndani ya jani kavu la mgomba. Kabla ya kazi alivichemsha vikatoka vinafuka moshi, kisha akanawa mikono kwa rubisi kali mpaka kwenye viwiko, akamnawisha na mgonjwa mahali pa kukatwa. Walevi wa Nkwenda waliona huo ni ufujaji na walimwambia hivyo. Damu aliifunga kwa chuma cha moto, kidonda akakibana kwa miiba na uzi wa gome, na juu yake akalaza jani changa la mgomba lililopitishwa kwenye moto likalegea. Aliniambia jeraha ni mgeni, usipomkirimu vizuri siku ya kwanza atahamia kabisa.

Hakufanya kazi bila mkewe. Yule mama alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na kazi yake ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa. "Yeye anashika kichwa, mimi nashika kilichobaki," mpasuaji alisema. Lakini wenye macho tuliona nani anamtii nani. Mama yule akisema "Basi, imetosha," kisu kilisimama palepale, hata kama mpasuaji aliona bado. Alipokuwa akirudi kutoka safari za mbali, za Igurwa na kwingineko, hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia shambani, kwa sababu alijua saa ile mkewe yumo kwenye migomba, na watu walimsikia akimsimulia safari nzima huku naye akipalilia.

Na watoto wake! Mdudu wa funza alifika kwetu miaka ileile tuliyofungua duka, na wapo waliosema tumemleta sisi ndani ya mizigo ya merikani. Kila jioni mpasuaji aliwaketisha watoto wake mkekani, akashika mwiba, akapekua miguu yao kidole kwa kidole. Watoto waligombania kuwa wa kwanza, kwa sababu kila mguu ulikuwa na hadithi yake, na hadithi ilikatishwa funza akiisha. Watoto wa majirani nao wakajipenyeza, mwisho akawa na miguu ya mtaa mzima. Wanaume walimcheka kwamba anafanya kazi ya wanawake. Akawajibu, "Mguu wa mwanangu haujaniuliza bado kama mimi ni baba au mama." Alibeba mtoto mgonjwa mgongoni, mbele za watu. Alikula sahani moja na binti zake. Mume wangu, ambaye kwao binti hula jikoni, alilitazama jambo hilo mwaka mzima, kisha siku moja nikamkuta anamlisha Salima wetu kwa mkono wake. Sikusema neno, nisije nikamtia aibu akaacha.

Msidhani nawasimulia habari za malaika. Katika bao alikuwa mwizi. Vidole vile vilivyoweza kutoa ncha ya mshale begani bila kugusa mshipa vilishindwa kabisa kuachia kete ya mtu. "Fungua mkono!" mume wangu alikuwa akipiga kelele. "Mkono upi?" "Huo!" Akafungua wa pili. Walicheza kila alasiri barazani kwetu na kila alasiri waligombana, na mpasuaji asipokuja, mume wangu alikuwa akikaa anaitazama njia.

Tena alikuwa na kinyongo. Jirani yake wa upande wa bondeni alisogeza mpaka wa migomba, na mpasuaji akaapa hatasema naye. Jirani huyo akaja kuota jipu baya shingoni, akaletwa. Siku hiyo mpasuaji hakuwa na haja ya kubuni ugomvi. Alimwambia yote ya mpaka, ya baba yake na ya babu yake, huku akimkata kwa mkono mwepesi kuliko siku zote. Mtu akapona. Tukangoja kuona kibuyu cha rubisi cha kuomba radhi, na hakikwenda. Mkewe alipomwuliza, alisema, "Safari hii nilimaanisha." Wakarudia kutosalimiana.

Na wapo waliomfia. Palikuwa na kijana mmoja wa Igurwa aliyechomwa na pembe ya ng'ombe tumboni. Alipokufa, watu walianza kunong'ona habari za uchawi, wakaanza na kumtaja wanayemdhani. Mpasuaji akasimama katikati ya waliokuwa wakilia akasema, "Hakuna mchawi. Nilikosea mimi. Nilikata chini ya pale nilipopaswa." Vijana wa ukoo wakafuata mikuki. Baba wa marehemu ndiye aliyewazuia. Alisema, "Mwacheni. Angenyamaza, kesho ningekuwa nimemwua jirani yangu bure." Mpasuaji alirudi nyumbani hakula, wala hakuja kwenye bao kwa siku nyingi. Mume wangu alikwenda akaketi naye kimya, na huko ndiko urafiki wao ulikogeuka kitu kingine.

Mpasuaji alikuwa na ndugu wa kiume, na ndui iliwamaliza wote. Mwenye watoto wengi vile, mwenye mke vile, anayejulikana mpaka ng'ambo ya mto, alikuwa akisema, "Kwetu nimebaki peke yangu." Mtu asiye na ndugu hana wa kumzungumzia barazani, hana wa kusimama upande wake mahari ikijadiliwa, hana wa kumwachia wanawe. Ndipo alipomwomba mume wangu wachanjiane, wawe ndugu wa damu. Wenyewe ndugu wa namna hiyo humwita munywani.

Kwa mfanyabiashara mgeni ilikuwa heshima kubwa, tena ni ulinzi. Mume wangu alikubali kwa moyo mweupe. Sherehe yao iko hivi. Kila mmoja hukatwa kidogo karibu na kitovu. Tunda moja la kahawa hupasuliwa, na ndani yake mna punje mbili zilizokumbatiana kama pacha. Kila punje hupakwa damu ya mmoja, kisha huyu humeza yenye damu ya yule. Tangu hapo mmoja hamwagi damu ya mwenziwe, iwe kwa hasira au kwa sababu yoyote ile. Akiimwaga, kahawa aliyoimeza humvimba tumboni mpaka imwue. Huku kwetu hakuna asiyelijua hilo, na hakuna anayelifanyia mzaha.

Mume wangu alirudi jioni kutoka kwenye sherehe, uso umemshuka. Akafunga mlango akaniambia, "Sikumeza."

"Hukumeza nini?"

"Ile punje. Ina damu. Damu ni haramu, nitaimezaje? Niliiweka chini ya ulimi, nikaitema nyuma ya migomba."

Nilikaa kitini. "Ungemwambia dini yako inakukataza. Angeelewa."

"Mbele ya wazee wote wale? Mbuzi amekwisha kuchinjwa?"

"Basi umemheshimu Mungu na kumdanganya mtu," nilisema, "na huyo mtu atakuja hapa kesho kukuita ndugu."

Na kweli alikuja, amejipaka mafuta. Alileta mkungu wa ndizi na watoto wake wote, akawapanga mbele ya mume wangu mmoja mmoja. "Huyu ni baba yenu mdogo. Nikiwa sipo, yupo." Watoto wakapiga magoti kumwamkia. Mume wangu aliitikia akitazama chini, nikajua ataishi na jambo hili kama mtu aliyemeza mwiba, yeye ambaye hakumeza kitu.

Ikapita miaka kadhaa ya amani. Kisha mume wangu akashikwa na paja. Lilianza kama maumivu ya safari, likavimba, likawa gumu, homa ikampanda akawa anaongea na marehemu mama yake. Jipu lilikuwa ndani kabisa, chini ya nyama, na pale pana mshipa mkubwa ambao mtu akiugusa vibaya mgonjwa hufa kabla hujamaliza kumwita jina. Hapakuwa na mwingine wa kulikata ila ndugu yake, na ndugu yake haruhusiwi kumwaga damu yake.

Nilimwinamia mume wangu masikioni. "Mwambie ukweli. Mwambie hukumeza, hakuna kiapo, akukate kwa amani."

"Naona haya," alisema. Mtu anakufa, anaona haya! Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia nikaseme mwenyewe, na miguu ikakataa, kwa sababu kiapo kilikuwa chao wawili.

Mpasuaji alifika asubuhi. Alilibonyeza lile paja kwa vidole viwili, akaketi kwenye kigoda, asiondoe macho kwenye uvimbe. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka, maana alijua mumewe anawaza nini. Kisha mpasuaji akainuka akatoka nje. Nilidhani amekwenda zake, na sikumlaumu. Aliporudi alikuwa amenawa mpaka viwikoni.

"Usifanye," mkewe alimwambia. Lilikuwa neno lake, na neno lake ndilo lililokuwa likisimamisha kisu siku zote.

"Shika kichwa, mama," alisema.

Mkewe akashika kichwa.

Nilingoja ugomvi. Nilijua yapo mengi ya kumwambia mume wangu, ya bao tu yangetosha. Mpasuaji akafungua mdomo, akaufunga. Mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akikata akiwa kimya, jasho linamdondoka kidevuni, na kwa ukimya huo nikajua anaogopa. Usaha ulitoka wa kujaza bakuli. Alipokwisha kufunga jeraha alitoka nje akashika ukuta.

Mume wangu akapona. Bao likarudi, na wizi ukarudi. Kwa mwaka wa kwanza watu walikuwa wakimwamkia mpasuaji huku wanamtazama tumbo. Yeye akaligeuza mchezo, kila msimu wa senene ukifika alikuwa akijipiga tumbo mbele ya watu, akisema, "Bado, waitu! Hili ni la senene tu." Watu walicheka. Mume wangu hakuwahi kucheka. Mara nyingi niliona anataka kusema naye, na kila mara mpasuaji alimtangulia kwa kete.

Tumbo lilikuja kuvimba kweli, yeye akiwa mzee, wajukuu wamejaa nyumbani, na Wadachi wamekwisha kukaa Bukoba miaka mingi. Lilijaa maji, likang'aa, miguu nayo ikavimba, macho yakawa ya manjano. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemezwa, anahema kama aliyepanda mlima. Hatukuwa na wa kumwuliza ni ugonjwa gani, na hatukuuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu tayari. Jibu lilikuwa kahawa.

Alikufa katika msimu wa mvua. Kwenye msiba watu walitoka Kibingo, Igurwa, na mahali ambapo sijawahi hata kupasikia, na jambo walilofanya sijaliona kwenye msiba mwingine. Walionyeshana makovu. Mzee amepandisha vazi anaonyesha goti, mama ameshusha bega, vijana wanabishana nani alikatwa kwanza na nani alitukanwa vibaya zaidi. "Mimi aliniambia nanuka kuliko jipu lenyewe!" Walisema na kulia, wakacheka, wakalia tena. Yule jirani wa bondeni alisimama kando, kovu lake shingoni liko wazi bila kulionyesha, na alilia kuliko ndugu. Nami nililia sana. Sikuwa na ndugu wa kiume huku ugenini ila yeye.

Lakini siku ninayotaka kuisema ni ya wiki chache kabla ya hapo, mara ya mwisho tulipokwenda kumwona mimi na mume wangu.

Tulimkuta hawezi kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Mkewe alikuwa nyuma yake, amemshikilia mabega, na mbele yake walikaa wanawe wa kiume, wamejiinamia. Wote aliwafundisha kazi. Mkubwa wao alikuwa tayari na jina lake mwenyewe, alikuwa amewatoa watu wengi maji ya namna ile kwa tundu dogo chini ya kitovu, na visu vilikuwa palepale ndani ya jani lake.

"Mbona hamumpunguzii maji?" niliuliza.

Kijana mkubwa alinijibu kwa adabu. "Mama, haya si maji ya kawaida. Ni kiapo. Alimwaga damu ya baba mdogo. Anayetoboa tumbo la kiapo, kiapo kinamhamia yeye na wanawe. Sisi tuna watoto."

"Kwa hiyo mtamwangalia?"

"Tufanyeje, mama?" Na yule mwanamume mzima akafunika uso kwa mikono.

Mpasuaji alisikia yote. Alikuwa akimtazama kijana wake bila lawama, na kila pumzi ilikuwa kazi. Mume wangu alisimama. Alikuwa ameshazeeka naye, na lile paja lilikuwa likimvuta kidogo akisimama. Nilijua anachotaka kusema kabla hajasema, na nilijua nini kitatupata. Tuliishi Nkwenda kwa sababu ya kiapo kile. Kwa kiapo kile duka letu halikuwahi kuguswa, na watoto wetu waliolewa na kuoa kwa heshima. Mtu aliyechezea kahawa ya damu huku hapewi hata maji ya kunywa.

"Hakuna kiapo," mume wangu alisema.

Kijana mkubwa aliinua uso. "Unasema nini, baba mdogo?"

"Sikumeza. Dini yangu inanikataza damu. Niliiweka punje chini ya ulimi, nikaitema nyuma ya migomba. Nimewadanganya ninyi na wazee wenu miaka yote hii. Mimi si ndugu yake. Aliponikata alimkata mtu baki, kama alivyowakata watu wote. Haya ni maji tu. Mtoeni."

 Nilimtazama mke wa mpasuaji, naye hakunitazama. Kijana mkubwa aliinuka. Nilidhani atampiga mume wangu, na sijui ningefanya nini. Badala yake akageuka akachukua kile kifurushi cha jani la mgomba, akaomba maji ya moto na rubisi, akanawa mpaka viwikoni. Mama yake akashika kichwa cha baba yake.

Alikata vizuri. Hata mimi nisiyejua kazi niliona mkono wa baba yake ndani ya mkono ule. Maji yakatiririka kwenye chungu, kikaletwa chungu kingine, na kadiri yalivyotoka ndivyo pumzi ya mpasuaji ilivyozidi kurefuka, mpaka mkewe akasema, "Basi, imetosha." Wakamfunga. Wakamlaza chali polepole, akalala, akafumba macho kwa raha kiasi kwamba wajukuu walikimbilia mlangoni kuchungulia kama yu hai.

Ndipo kijana mkubwa akamgeukia mume wangu. Sauti yake ilikuwa chini. "Sasa wewe mwenye duka, toka. Wewe na mkeo. Msikanyage hapa tena, hata msibani."

Mume wangu alikwisha kushika fimbo yake.

"Nilijua," mpasuaji alisema kutoka kitandani.

Tuligeuka wote.

"Mtu akimeza, koo hupanda likashuka. La kwake halikupanda." Alipumzika kidogo, akaendelea, na sasa sentensi zilikuwa zinamtoka nzima. "Kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Mlidhani siku ile nilifumba macho?"

"Ulijua tangu siku ile?" mume wangu aliuliza. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, wazee wangekufukuza. Nami nilitaka ndugu."

"Baba," kijana alisema. "Hapakuwa na kiapo. Ulijua hapakuwa na kiapo. Kwa hiyo ulipomkata hukuwa na hofu."

"Niliogopa mpaka nikakosa hata tusi. Muulize mama yako."

"Uliogopa nini, na yeye hakumeza?"

"Yeye hakumeza," mpasuaji alisema. "Mimi nilimeza."

Kijana aliitazama mikono yake, iliyokuwa ingali na maji ya tumbo la baba yake. Nikaona anaelewa kwa nini mzee wake alinyamaza mpaka kazi ikaisha: angesema mapema, mkono wake usingegusa tumbo la kiapo. Aliangalia mlango, nikadhani atakimbia kwa watoto wake.

Alitoka nje akanawa. Aliporudi alikuwa amebeba kigoda, akakiweka kando ya kitanda, akapangusa vumbi lake kwa kiganja.

"Kaa, baba mdogo," alisema.